Kila Ikifika Keki

Shemeji yangu anahariri video za harusi, na anazihariri sebuleni kwangu kwa sababu kompyuta ni yangu, umeme ni wangu, na chai ya usiku wa manane nayo inatoka jikoni kwangu. Kompyuta yenyewe ni ya mtumba, mojawapo ya yale masanduku meusi ambayo ofisi za Ulaya zikiyachoka huja kuanza maisha mapya Kariakoo. Kwa kuandika barua na kutunza hesabu za kikoba haina mpinzani. Kwa harusi, alisema shemeji, inatambaa. Ndipo akanunua kadi ya picha, nayo ya mtumba, na muuzaji akamwongezea waya wa kuiunganishia, bure. Kariakoo! Bure! Hapo tu tungeshtuka.

Alipoifunga, mambo yakawa mteremko. Maharusi wakaingia ukumbini, MC akatoa utani wake uleule wa kila Jumamosi, kamati ikacheza kwaito mpaka viatu vikavuliwa. Kisha keki ikasogezwa. Kisu kilipogusa tu sukari, pu! Kioo cheusi, feni kimya, hakuna onyo wala ujumbe. Tukawasha, ikawaka vizuri kabisa kama haijui lolote. Ikapita kwenye maombi, ikapita kwenye kwaito. Ilipofika keki, ikazima.

Mama mkwe, aliyekuja kwetu kwa ajili ya kliniki ya wiki moja na sasa anajua siku ya gari la takataka kuliko mimi, akaweka chini kitambaa alichokuwa anakidarizi. "Baba, hiyo ndoa ina jicho. Muulizeni huyo bwana harusi alimwacha nani."

Shemeji akacheka, lakini baadaye nilimkuta anarudisha video nyuma polepole, anachungulia meza za nyuma, anatafuta mwanamke asiyepiga makofi. Akampata. Hakuna harusi isiyokuwa naye.

Jirani yeye akasema ni virusi. Kwa jirani hata jokofu likigoma ni virusi. Akaja na flashi yake, akasafisha jioni nzima, akanywa na chai. Keki, pu! Fundi wa mtaani akasema Windows imechoka, akaipiga upya kwa shilingi 15,000. Keki, pu! Mke wangu akasema ni joto, akaigeuzia kompyuta feni ya sebule, sisi wenye damu tukabaki kujipepea na magazeti. Lakini programu ya kupima joto ilionyesha prosesa iko nyuzi 60 na ushee, na prosesa nyingi haziamui kujizima mpaka zikaribie 100. Tukafungua kumbukumbu za Windows yenyewe. Humo tukakuta tukio namba 41, maana yake kwa ufupi: mashine ilizimika bila kuzimwa kwa utaratibu. Asante sana. Hilo tulikuwa tumelishuhudia.

Aliyelimaliza ni binti yangu wa kidato cha tatu, ambaye hakuwa na nadharia yoyote. Alifungua ubavu wa sanduku akasoma kibandiko cha pawasaplai: wati 240. Kadi mpya peke yake, ikifanya kazi kweli, inataka 120. Prosesa, 65. Bado hadidiski, feni na mazabodi. Kwenye karatasi zinatosha, na hapo ndipo wengi hudanganyika, kwa sababu kadi ya picha haili kwa karatasi: ni mgeni wa pilau, humaliza sahani yake kisha ghafla mkono uko kwenye sinia. Kwa sehemu ya sekunde inaweza kuruka mbali sana juu ya kiwango kilichoandikwa.

Halafu ule waya wa bure. Tundu ambamo kadi inachomekwa hutoa wati 75, basi. Zinazobaki hupita kwenye plagi ya pini sita, na kompyuta yetu haina plagi hiyo. Waya ulikuwa unazichota kwenye plagi ya hadidiski, ambayo kwa volti 12 haikuundwa kutoa zaidi ya wati 54.

Na kwa nini keki? Kwa sababu shemeji alikuwa amemwaga ufundi wake wote pale: cheche za dhahabu, mioyo inayopaa, mwendo wa kobe, mwanga unaozunguka kisu. Kwenye kwaito kadi ilikuwa inasinzia. Kwenye keki inaamshwa kwa kelele, inavuta umeme kupita uwezo, na pawasaplai inakata ili isiungue. Kifaa tulichokuwa tunakitukana ndicho pekee katika nyumba ile kilichokuwa kinafanya kazi yake sawasawa.

Tulinunua pawasaplai ya wati 500. Plagi yake kuu ina pini 24, mazabodi yetu ya kiofisi inataka 8, tukatafuta waya wa kubadilishia, safari hii kwa pesa. Nayo haikuenea ndani ya sanduku, kwa hiyo inakaa nje, juu ya kigoda, na ni marufuku kukikalia. Keki ikakatwa na cheche zake zote hadi mwisho.

Nilimweleza mama mkwe habari za wati taratibu, kwa heshima zote. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akamgeukia mwanawe. "Na yule mwanamke wa meza ya nyuma?"

Shemeji akaangalia chini. "Nilishamkata, mama. Tangu juzi."

"Basi," akasema mama mkwe, na kuokota kitambaa chake. "Ya wiki ijayo niiteni kabla hamjaanza."