Barabara Itafuata

Ukitaka kumuudhi muuza viwanja wa Butembo, mji wetu huku Kongo, usimwombe akupunguzie bei. Bei atapunguza, na soda atakununulia. Muulize barabara itapita wapi. Hapo atanuna, kisha atanyoosha mkono juu ya maharage na mikaratusi: "Papa, wewe jenga kwanza. Barabara itafuata."

Haifuati. Shamba lilikuwa la mzee mmoja, likagawanywa kwa watoto, kila mtoto akauza kipande chake kwa wakati wake na kwa shida zake: huyu karo, yule mahari. Hakuna aliyekubali kipande chake ndicho kikatwe njia, maana mita za njia hazilipiwi dola. Halafu wakaja wanunuzi, na nyua zao zinazotembea usiku. Mwaka wa kwanza ua ni matete, wa pili ni mbao, wa tatu ni matofali, na kila ukibadilishwa umesogea hatua moja mbele. Kinachobaki katikati ndicho tunachokiita avenyu. Ina jina la mtu mkubwa, na pikipiki mbili haziwezi kupishana humo.

Sheria yetu ya ardhi ya 20 Julai 1973 inasema udongo wote ni mali ya Leta, yaani serikali, peke yake, wala hauuzwi. Sisi tunapewa haki ya kuutumia tu. Sawa. Ila nauliza kwa heshima zote: mwenye udongo wote ameshindwaje kujibakizia mita 6 za kupitia? Kwenye ramani niliyoonyeshwa, avenyu yetu ipo, imenyooka vizuri, kana kwamba Butembo haina vilima. Inapita katikati ya sebule ya jirani. Jirani naye ana hati, tena yenye muhuri.

Mkaguzi wa kweli wa mtaa wetu ni mwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Nilipoleta kabati, alishuka nalo vizuri kabisa, mguu juu ya kipande cha mpira kinachobana gurudumu la nyuma, mpaka penye kona yetu. Akasimama. Akaangalia usukani wa mbao, akaangalia kuta mbili. "Papa, hapa chukudu haipite." Kuanzia hapo ni kichwani, na bei ya kichwani ni nyingine. Kichwani nako hakukutosha, ikabidi kabati lipite uani kwa watu. Na uani kwa watu hupiti hivi hivi: unabisha hodi, unasalimu, unauliza hali ya mama mkwe, unapewa kiti. Kabati limesimama juani, wabebaji wanakuhesabia saa. Siku hizi kijana wa nyumba ile ameweka kijigeti cha mbao na anadai "ya asante". Simlaumu. Ndiye peke yake katika kilima chetu aliyefikiria njia, hata kama ni kwa ajili ya mfuko wake.

Shule ya watoto naiona kutoka mlangoni kwangu, ng'ambo ya kibonde. Kengele naisikia. Kuifikia, mtoto ashuke hadi barabara kuu, aandamane na malori, kisha apande kilima upya, kwa sababu waliogawa viwanja vya upande ule na wa upande huu hawakuwahi kuulizana kamba zao zitakutana wapi. Mvua tu ndiyo imefungua njia ya kuunganisha mitaa hii miwili, na kila salongo, siku ya kazi ya pamoja, tunaifukia.

Wenzetu wa Beni wana ardhi tambarare kuliko sisi, lakini wasitucheke. Tangu mauaji ya raia yalipoanza huko Oktoba 2014, watu wa vijijini wamekimbilia mjini, na viwanja vikakatwa kwa haraka ya mtu anayetafuta pa kulala leo. Huko suala la njia si la kabati tena. Mtaa wenye mdomo mmoja, ukisikia risasi upande wa mdomo, unakimbilia wapi? Na gari la wagonjwa litaingia kwa kurudi nyuma?

Marekani, kanuni ya zimamoto inayofuatwa na miji mingi inasema nyumba za kawaida zikizidi 30 katika mtaa, njia za kuingilia ziwe mbili, na kila moja iwe na upana wa kama mita 6. Kumbe mita 6 zangu si tamaa! Sisi zimamoto tungeiomba baadaye. Njia mbili zinahitaji kamba na vijiti tu.

Barabara kubwa, hiyo imefikiriwa: Juni 2021 rais wetu Tshisekedi na Museveni wa Uganda walizindua pale mpakani Kasindi mradi wa kilomita 223 za barabara, ndani yake kilomita 54 za Beni hadi Butembo. Nimefurahi kweli. Saruji yangu itatoka Uganda ikiteleza, ivuke mpaka, ipite Beni, ifike Butembo, kisha ilale chini ya kilima ikingoja vichwa.

Basi wewe unayejiandaa kuuza shamba la baba yako msimu huu, sikia. Kabla ya kumwita mnunuzi wa kwanza, mwite jirani wa mpakani, pigeni kamba ya njia pamoja, itokee kwako na itokee kwake, na vijiti vyake asing'oe mtu. Ukiona ni hasara, tuongezee bei. Tutalipa. Wabebaji tunawalipa zaidi.