Theluji ya Duka la Dawa

Krismasi ikinukia tu, sisi wa Ipogolo tunavamia duka la dawa. Hatuumwi, tunatafuta pamba. Inachambuliwa vipande vipande, inabandikwa kwenye mti wa plastiki uliotoka China kwa meli, ukapanda mlima Kitonga kwa lori, ukaletwa karibu na misonobari ya Sao Hill, shamba la miti kubwa kuliko yote nchini. Nje mvua ya Desemba, mahindi yanaota; sebuleni theluji.

Shangazi naye kaleta zawadi: kikapu cha milulu alichosuka mwenyewe, kimebana, kina mstari wa zambarau kiunoni. Mtalii angekipandisha ndege. Sisi tumekipokea kwa mikono miwili, "ahsante sana, shangazi," kikapelekwa jikoni kutunza vitunguu, kisije kikaharibu picha.