Waraka wa Wazi kwa Meneja wa Mikopo ya Magari

Kwa Bwana Meneja,

Kwanza natoa shukrani. Benki yenu ndiyo iliyonikopesha pesa za kununulia Probox ninayobebea mboga kutoka soko la Kongowea hadi kwa wateja wangu wa Likoni, wakati kwingine nilitazamwa juu chini na kuulizwa mume wangu anafanya kazi gani. Hilo sijalisahau. Nawapongeza pia kwa ujumbe wenu wa simu. Siku ya kulipa ikikaribia, hata iwe Jumapili alfajiri, nakumbushwa kwa adabu zote. Katika kukumbusha hamjawahi kuchelewa.

Lililonifanya nichukue kalamu ni jambo dogo, au tuseme lilikuwa dogo lilipoanza.

Awamu yangu ni Sh38,500, na mwisho wa kulipa ni tarehe 5 ya kila mwezi. Oktoba 2025 tarehe 5 iliangukia Jumapili. Nililipa Ijumaa, tarehe 3, kwa Paybill yenu, na ujumbe wa M-Pesa ukaingia papo hapo ukiwa na namba ya muamala, tarehe na saa. Kwenye vitabu vyenu pesa hizo zilifika Jumatatu tarehe 6. Tangu 2007 watu wanatumiana pesa kwa M-Pesa. Mtu huzituma akiwa ndani ya feri ya Likoni na mwenzake akazitumia kabla feri haijagusa ng'ambo. Za kwangu zilikuwa matembezini wikendi nzima. Sina neno na matembezi, ila faini ya Sh2,500 ya kuchelewa ingeandikiwa aliyezitembeza.

Si kwamba nabishana na karatasi zenu, Bwana Meneja. Karatasi zenu ndizo shahidi wangu. Taarifa ya akaunti niliyochapishiwa kaunta ina safu mbili za tarehe: ya kwanza imeandikwa 03-10, ya pili 06-10, mstari mmoja, pesa zile zile. Kompyuta ilipotafuta faini ikasoma safu ya pili.

Ufundi wenyewe ulianza Novemba. Nililipa Sh38,500 kamili, kabla ya siku. Kompyuta ikakata kwanza faini ya Oktoba, zikabaki Sh36,000 za awamu, ikaona zimepungua Sh2,500, ikanipiga faini nyingine. Desemba likakatwa kwanza deni la nyuma la Sh5,000, awamu ikapungukiwa na Sh5,000, faini ikaongezwa. Ikaendelea hivyo mwezi hadi mwezi. Kufikia Machi nilikuwa nadaiwa Sh15,000, na sijawahi kupunguza awamu hata kwa shilingi moja. Nawavulia kofia. Mimi nafanya biashara sokoni siku zote na sijapata kuona mtaji wa aina hiyo.

Tena kuna riba. Mkataba wetu unasema inahesabiwa juu ya salio linalopungua. Kila shilingi iliyomezwa na faini haikupunguza mkopo, kwa hiyo nimekuwa nikilipa riba juu ya pesa nilizokwisha kuzirudisha. Kiasi chenyewe si kikubwa, lakini kufuta faini bila kuhesabu riba upya ni kufagia sebule na kuacha uvunguni.

Kijana wenu wa kaunta alinisikiliza vizuri, Mungu ambariki. Akaniambia, "Mama, hiyo ni sistimu." Kisha akanishauri nilipe kwanza hizo Sh15,000, halafu ndiyo nilalamike. Nimewauliza wenzangu wenye mikopo ya magari kama sistimu imewahi kumkosea mmoja wao kwa kumpunguzia deni. Walicheka mpaka wateja wakageuka.

Dalali wenu naye alinipigia simu kuuliza gari linalala wapi. Linalala uani kwangu. Kile kifaa cha kufuatilia gari, ambacho mnanikata pesa zake kila mwezi, kingemwambia hata kama geti limefungwa.

Hapo ningeweza kuvumilia, maana biashara ni kuvumiliana. Lakini nilipokwenda kuomba mkopo wa jokofu kwenye Sacco yetu, niliambiwa jina langu liko CRB, kule benki zinakoripoti wakopaji, nimeandikwa mdaiwa sugu. Kanuni za CRB za mwaka 2020 zinataka mteja apewe notisi ya siku 30 kabla jina lake halijapelekwa huko na taarifa mbaya. Nimepekua simu yangu yote. Salamu za Krismasi kutoka kwenu zipo, ofa ya bima ipo, vikumbusho vya alfajiri vipo. Notisi hiyo ndiyo pekee iliyopotea njia. Nadhani ilipitia kule zilikopitia pesa zangu za Ijumaa.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, malipo ya Oktoba yaandikwe kwa tarehe niliyolipa. Faini zote zilizotokana na tarehe ile ya 6 zifutwe, ya kwanza na zilizoifuata. Riba ihesabiwe upya. Na CRB waandikiwe barua kwamba taarifa mliyowapa haikuwa sahihi, nami nipewe nakala yenye sahihi na muhuri. Simu ya kuniambia "tunalishughulikia" sitaihesabu kuwa jibu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inanipa haki ya kutaka taarifa za uongo kunihusu zisahihishwe, na mwongozo wa Benki Kuu wa kumlinda mteja unaziamrisha benki zitutendee haki na zitujibu. Naamini mmeusoma, ni wa 2013.

Taarifa rasmi ya M-Pesa ya miezi sita nimeiambatisha, pamoja na taarifa yenu wenyewe. Mstari wenye tarehe mbili nimeupigia wino mwekundu ili usiwasumbue kuutafuta.

Nanyi wasomaji ambao logibuku zenu zina jina la benki kando ya jina lenu, msiridhike na salio mnalotajiwa kwenye simu. Daini taarifa nzima, mstari kwa mstari, na ujumbe wa M-Pesa msiufute mpaka benki iondoe jina lake. Ripoti ya CRB mna haki ya kuipata bure mara moja kwa mwaka. Ichukueni kabla ya kuhitaji mkopo mwingine.

Awamu ya mwezi ujao, Bwana Meneja, nitailipa tarehe 3 kama kawaida, Sh38,500. Hizo Sh15,000 silipi.

Wasalaam,
Mteja wenu, Likoni.

Nakala: Benki Kuu ya Kenya, Nairobi.