Ng'ombe na Sifa Zake

Shikamoo babu, na wote hapo Choma, mwangaluka!

Mimi mzima, ila kishikwambi kimenivuruga. Kinafanana na vile walivyogawiwa walimu wetu baada ya sensa ya 2022, lakini hiki cha darasa letu la jioni hapa Leicester kimepewa kazi ya kusahihisha watu wazima. Kinakuletea jina la kitu, unakiandikia sifa yake. Ukipatia, kinamwaga nyota. Ukikosa, kinatetemeka mkononi mpaka jirani ajue. Hakihongeki wala hakibembelezeki.

Kilianza kwa upole: "wind" ikazaa "windy", "rain" ikazaa "rainy". Kikaleta ng'ombe. Mjukuu wako niliyekulia nyuma ya mikia yao nikakaa sawasawa. Kumbe sifa ya "cow" ni "bovine"! Ya mbwa, "canine". Ya jino, "dental". Sisi tunasema ya ng'ombe, ya mbwa, ya jino, tunaendelea kula.

Mwalimu akasema chanzo ni wakubwa. Mwaka 1066 Wanormani walitoka Ufaransa wakaiteka Uingereza. Mkulima akabaki na majina yake ya zizini. Wenye vyeo wakazungumza Kifaransa na kuandika Kilatini, na baadaye wasomi wakazidi kuchota sifa humo humo kwenye Kilatini. Nikamwelewa upesi. Hata mnadani Igunga ng'ombe ni wako, sifa ni za dalali.

Kilichonikata maini ni mwezi. Jina "moon", sifa "lunar", na kutoka Kilatini hicho hicho wakapata "lunatic", yaani mwendawazimu, kwa kuwa wazee wao waliamini mwezi huharibu akili. Mwalimu akaniuliza mimi kabila gani. Nikasema natoka Tabora.

Nilikuwa nimeanza kujigamba kwamba Kiswahili kimenyooka, Mwitaliano mmoja anayejifunza lugha yetu akanidaka: mbona kikombe kikubwa, vikombe vikubwa, lakini kikombe safi, vikombe safi? Nikamsimulia msafara wa Bagamoyo. Mnyamwezi alitoka Unyanyembe na pembe za ndovu begani; tajiri akatembea mikono mitupu. "Safi", "rahisi" na "ghali" ni maneno yenye asili ya Kiarabu, na mpaka leo hayajakubali kubebeshwa kiambishi. Akacheka, akaandika. Nikajiona profesa, kumbe basi la mwisho limeshaondoka. Nikatembea kwa miguu mpaka nyumbani, bila pembe.

Maziwa ya huku yameandikwa kila kitu kwenye chupa isipokuwa ni ya ng'ombe gani. Ya kwetu nilimjua mama yake, na tabia yake ya mateke. Siku hizi hata mateke nayatamani.

Akipatikana mtu wa kuja, mpeni michembe ya shangazi, mfuko mzima. Forodhani wasimsumbue: kiazi hakina sifa ya Kilatini, maana Warumi walishakwisha kabla hakijavuka bahari kutoka bara la Amerika. Hawatajua pa kuanzia kumhoji.