Mkopo wa Volti Kumi na Mbili

Tangu Julai 2024 treni ya umeme inaingia Dodoma ikitokea Dar es Salaam. Inanyonya volti 25,000 kutoka waya uliotandazwa juu ya reli, wala haikohoi. Land Rover ya ukoo wetu inadai volti 12 tu. Hizo 12 hutoka kwenye betri zikiwa na afya njema, hupita chini ya dashibodi, na baada ya hapo hakuna anayejua zinalala wapi.

Gari lenyewe ni 109, Series III, la dizeli, mali ya baba mkubwa, bwana shamba mstaafu wa Mpwapwa. Nasema mali yake kwa heshima ya kadi. Kwa matumizi ni la ukoo mzima. Limebeba mahari, maiti, mbegu za alizeti na mbuzi, na kila aliyeliazima amelirudisha likiwa na jambo jipya kwenye nyaya. Mjomba alipachika redio. Binamu akaongeza taa za ukungu, katika mkoa ambao mvua yenyewe huja kwa kubembelezwa. Shemeji aliweka honi ya pili baada ya ile ya kwanza kugoma. Siku honi ya kwanza ilipomaliza hasira zake, zikaanza kulia pamoja, kila moja na wimbo wake. Mimi ni dereva wa ukoo kwa sifa moja tu: leseni yangu haijaisha muda.

Waliolitengeneza kiwandani walikuwa watu wa utaratibu. Katika magari ya Kiingereza ya zama zile kila rangi ya waya ina kazi yake. Wa kahawia hutoka betri moja kwa moja, una umeme hata ufunguo ukiwa mfukoni. Mweupe huamka ukizungusha ufunguo. Wa kijani umeshapita kwenye fyuzi. Wa buluu ni wa taa kubwa, mwekundu wa taa ndogo, mweusi ndio wa kurudi. Mwenye kuzijua rangi hizo sita anaweza kuutafuta ugonjwa kwa macho tu, mikono ikiwa mfukoni. Letu lilikuwa nazo zote sita. Juu yake lilikuwa na waya wa spika, waya wa nyumba, kipande cha kebo ya antena ya televisheni, na nyuma ya spidomita kamba ya mkonge iliyofungwa kwa ustadi mkubwa bila kushika kitu chochote.

Penye fyuzi palikaa msumari wa inchi mbili. Sasa, fyuzi imeumbwa ife mapema. Kiwaya chake chembamba huyeyuka kabla nyaya za gari hazijaungua. Ukiweka msumari mahali pake, kazi ya kufa umemwachia yeyote atakayetangulia kupata moto. Ulitangulia waya wa honi ya shemeji, pale Kibaigwa, siku ya soko, tukiwa katikati ya malori ya mahindi. Moshi ulichomoza chini ya dashibodi, na honi zote mbili zikapiga kelele hadi waya ulipokatika wenyewe. Tulishuka wote, mbuzi akiwa wa kwanza. Wachuuzi walitukimbilia wakidhani tunauza kitu.

Hata hivyo msumari ulikuwa mafua tu. Ugonjwa wenyewe ulikuwa betri. Baba mkubwa ananunua mpya, inakufa. Ananunua nyingine, inaifuata mwenzake. Muuza betri alifikia hatua ya kumpigia simu kila Idi na kila Krismasi kumtakia heri, asijue mteja wake ni wa dini gani na asitake kubahatisha.

Kilichotupoteza njia ni dizeli. Injini ya kale ya namna hiyo haina cheche. Inabana hewa hadi ujazo wake unapungua mara ishirini na zaidi, hewa inapata joto la kuwasha mafuta, basi. Hata kuizima ni kwa kuvuta kebo. Ikishawaka, haina habari na betri. Taa zinaweza kufa, waipa zikasimama, redio ikanyamaza, yenyewe inasonga mbele. Kwa hiyo mchana kutwa gari lilikuwa zima. Asubuhi ukizungusha ufunguo unasikia “tk”, na kimya.

Dawa yetu ikawa mteremko. Mpwapwa imejaliwa vilima, lakini Dodoma mjini ni uwanda, na mji wa tambarare ni adui wa gari lisilo na stata. Nilianza kuujua mji kwa miinamo yake. Nilijua wapi pa kuegesha kule Chimwaga upande wa chuo kikuu, na wapi Majengo usithubutu kuzima injini. Nimekunywa chai mbaya katika vibanda vingi kwa sababu tu mbele yake barabara ilishuka. Pasipo na mteremko tulikodi watoto wa jirani wasukume kwa malipo ya ubuyu, nao bei wakaipandisha kila Julai. Walikuwa na hoja, maana katika baridi ile injini haiwaki bila plagi za kuipasha moto. Plagi hizo katika gari letu ni nne, umeme unapita ya kwanza ndipo uifikie ya pili, hadi ya nne. Ikifa moja zimekufa zote. Moja ilikuwa imekufa zamani, na wajumbe wa ukoo bado wanabishana ilikuwa zamu ya nani.

Tulinaswa usiku mmoja pale Mbande, barabara ya Kongwa inapoungana na ile kuu ya Morogoro. Askari wa barabarani alitupungia tochi, nikafunga breki.

“Dereva, unakata kulia au kushoto?”

“Naenda moja kwa moja, afande.”

“Mbona umeonyesha kote?”

“Nimefunga breki tu.”

Akazunguka nyuma. “Washa indiketa ya kulia.”

Nikawasha.

“Imewaka ndogo ya kushoto, inakonyeza. Sasa kanyaga breki. Zimezimika zote! Hebu washa taa kubwa.”

“Tayari, afande.”

“Hapana. Hiyo ni honi.”

Baba mkubwa akatoa kichwa dirishani. “Mwanangu, gari hili halifichi kitu. Linasema yote kwa pamoja.”

Afande alicheka, lakini gari alilizuia. Tulale hapo hadi kuche, na kukikucha twende kwa fundi umeme, si kwa shemeji.

Baba mkubwa hasinzii bila hadithi. Akanyoosha kidole gizani upande wa Kongwa akanikumbusha mwaka 1947, Waingereza walipokuja kulima karanga kwa mashine. Walileta matrekta yaliyobaki vitani, na vifaru vya Sherman vikageuzwa kuwa matrekta ya kufyeka pori. Mibuyu ikagoma kung'oka, udongo wa kiangazi ukawa saruji, mashine zikachakaa moja baada ya nyingine. Mwaka 1951 serikali yao ikafunga hesabu, paundi milioni 36 hivi zimekwenda na hazikurudi. “Uwanda huu haupendi mashine,” akahitimisha, akajifunika koti. Kwa maelezo hayo, ukoo wetu ulikuwa umeshasafishwa na lawama zote.

Asubuhi tulishushwa Kizota kwenye gereji moja. Binti aliyevaa ovaroli alikuja akifuta mikono.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Muite fundi.”

“Nimekuja,” akasema, na kufungua boneti.

Alichomeka mita kwenye betri injini ikiwa imezima: volti 12.1. Tukasukuma, gari likawaka, akapima tena: 12.1. “Altaneta ingekuwa kazini, hapa tungesoma karibu 14,” akasema. “Imelala. Taa nyekundu ya betri kwenye dashibodi iko wapi?”

Nilimtazama baba mkubwa. Baba mkubwa alitazama mlima.

“Niliitoa,” akasema hatimaye. “Kila nikizungusha ufunguo inanikodolea jicho.”

“Ukaipeleka wapi?”

“Kwenye spidomita, nione mwendo usiku.”

Spidomita ile husoma kilomita 40 hata gari likiwa limeegeshwa. Kwa miaka yote hiyo tulikuwa tumeimulika vizuri.

Fundi akatueleza taratibu. Altaneta hutengeneza umeme kwa sumaku inayozunguka, na sumaku hiyo si ya kudumu. Inahitaji umeme kidogo wa kuiamsha, na katika gari la aina hii umeme huo wa kuamshia unapita katika balbu ile ile nyekundu. Injini ikiwaka na altaneta ikaanza kuzalisha, balbu huzimika yenyewe. Kwa hiyo jicho lililomkera mzee lilikuwa likimwambia kwamba kuna mtu anaamshwa. Alipoling'oa, hakuna aliyeamshwa tena, na betri zikawa zinatoa bila kupokea hadi zinazikwa.

Kisha akahamia nyuma. Aliweka ncha moja ya mita kwenye kikombe cha taa, nyingine kwenye hasi ya betri. Hapo hapatakiwi kuwa na volti yoyote ya kuhesabika. Zilikuwepo saba.

“Mzee, umeme wa gari ni mkopo,” akasema. “Betri inakopesha, taa inatumia, kisha lazima urudi betri. Hata ile treni, umeme unashuka kutoka waya wa juu na kurudi kwa reli. Ninyi nyote mliofunga vitu humu mmetengeneza njia ya kwenda. Ya kurudi hakuna aliyeigusa.”

Njia ya kurudi katika gari ni bodi na chesisi yenyewe. Bodi ya Land Rover ni alumini, urithi wa mwaka 1948 zilipoanza kutengenezwa, Uingereza ikiwa na uhaba wa chuma baada ya vita. Alumini haishiki kutu nyekundu, lakini inapokutana na chuma penye unyevu hutoa unga mweupe, na unga huo haupitishi umeme. Ongeza vumbi la Ugogo na rasta za barabara zinazolegeza kila nati. Umeme wa breki ukikosa njia yake, unapita kwa jirani: unaingia waya wa ndani wa taa ndogo, unavuka hadi indiketa, unatafuta pa kutokea. Ndiyo maana afande aliona maonyesho yale. Uwanda hauna kosa, mzee, akamalizia. Wenye kosa ni wakopaji.

Nilikohoa. Ukoo wetu una sifa hiyo hata nje ya gari.

Kazi haikuwa ndefu. Alikwangua chuma hadi king'ae, akafunga waya mmoja mnene mweusi kutoka taa za nyuma hadi chesisi, na mwingine kutoka chesisi hadi hasi ya betri. Msumari akautupa, akaweka fyuzi. Nyaya za mjomba, binamu na shemeji akazikata zote, zilijaza ndoo. Mwisho akapachika balbu nyekundu, kitu kidogo kuliko punje ya korosho. Baba mkubwa akazungusha ufunguo, jicho likamkodolea, injini ikawaka kwa stata, jicho likafumba. Taa ya breki ikawa taa ya breki.

“Mungu akubariki, mwanangu,” akasema. “Hela nitakuletea mwisho wa mwezi.”

Fundi hakubishana. Aliinama ndani ya dashibodi, akachomoa balbu, akaitia mfuko wa ovaroli. “Nenda salama, mzee. Gari litafika. Dizeli haina shida.”

Mwisho wa mwezi ulipita, na mwingine ukapita. Betri ilipokwisha, baba mkubwa alirudi kwenye miteremko yake ya Mpwapwa akaishi bila stata, bila waipa, bila safari za usiku, na bila kutetereka. Kilichomshinda ni harusi. Gari lake ndilo lililombeba bibi harusi, mbele ya msafara, na msafara mzima ukipiga honi lenyewe likawa linapita limenyamaza. Shangazi mmoja akauliza kwa sauti kama ni harusi au msiba.

Jumatatu alikuwa Kizota, kasukumwa na watoto wa kukodi. Alilipa deni lote, akahesabu noti mbili mbili mbele ya mashahidi, kisha, kwa kuwa ni mtumishi mstaafu wa serikali, akadai risiti. Fundi akamwandikia: “Balbu moja. Imerudi.”