Kazi Yangu Kutafuta Sifuri

Hivi mtaani kwenu mtu akisoma sana anakuwa nani? Daktari. Mwanasheria. Akikosa vyote anakuwa mhasibu, anavaa tai. Sasa mimi nimesoma mpaka nywele za utosini zimeniaga, na bado nikiulizwa kazi yangu naanza kujikuna. Mwanafizikia tiba. Tena mwanafunzi. Nilivyomwambia Mangi wa dukani, hakuuliza swali. Alivuta tu daftari la madeni akaliweka mbali na mimi.

Bi mkubwa ndo kashindwa kabisa. Kule nyumbani kashatangaza, mwanangu ni daktari hospitali kubwa ya Dar. Imeisha hiyo. Kila basi linalotoka kwetu linanishushia mgonjwa. Mwenye goti. Mwenye presha. Shangazi yake na jirani, ana jino. Nikisema jamani mimi sitibu, naonekana nimeota mapembe, mjini kumeniharibu.

"Sasa huko hospitali unafanya nini?"

Napima mionzi, shangazi.

"Ukishapima unatoa dawa gani?"

Sitoi dawa.

"Basi unapima za nini?"

Namwelewa. Hata mimi kuna siku najiuliza hivyohivyo.

Na si kwamba nilikimbia shule. Utaratibu wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, lile lenye makao Vienna, uko hivi: kwanza shahada ya fizikia. Halafu shahada ya pili ya fizikia tiba. Ukidhani umemaliza, ndo kwanza unaingizwa hospitali ufundishwe kwa vitendo chini ya mkubwa wako, si chini ya miaka 2, una daftari la kusainiwa kila ulichogusa. Niliomaliza nao kidato cha sita wana viwanja Bunju. Mmoja ana mabasi. Mimi nina daftari la kusainiwa, na mwenye kusaini yuko semina.

Nilijaribu kumweleza bi mkubwa kistaarabu. Nikamwambia, mama, unaona hii CT scan? Waliopewa Nobel ya tiba kwa ajili yake, mwaka 1979, ni watu wawili, na hakuna daktari hata mmoja. Hounsfield alikuwa mhandisi wa umeme Uingereza, kwenye kampuni ya EMI. Cormack alikuwa mwanafizikia, mzaliwa wa hapahapa Afrika, Johannesburg. Mama akanisikiliza vizuri. Akafikiri. Akasema, "Na wao walikuwa wanaazima nauli kwa mama yao?"

Mazungumzo yakaishia hapo.

Usifikiri basi kwamba mambo ya hospitali nayajua. Fizikia nilikariri. Mwili wa binadamu ndo usiseme. Kuna asubuhi madaktari wamejipanga mbele ya skrini, picha ya tumbo ipo, mmoja ananigeukia, "Mtaalamu, tuonyeshe kongosho." Kongosho! Nikanyoosha kidole bila wasiwasi. Kimya. Wakaangaliana. Daktari bingwa akanishika bega kwa upole, ule upole unaoumiza kuliko tusi: "Huo ni wali, kijana. Mgonjwa alikula jana."

Tangu siku hiyo naitwa Pilau.

Mtaani nako hakukaliki. Wameshasikia mionzi, wamejumlisha na ya kwao. Kijiweni nikifika, benchi linapata nafasi ghafla. Nikikaa huku, wote wanasogea kule. Na cha kuchekesha, kanuni ya umbali wanaijua bila kwenda chuo: ukitoka mita 1 na kusimama mita 2 kutoka kwenye chanzo cha mionzi, kinachokupata kinashuka mpaka robo. Ukienda mita 3, sehemu moja ya tisa. Wao wananikalia mita 4. Mimi nililipa ada kuijua kanuni hiyo, wao wameipata kwa uoga tu.

Nawaambia, jamani, mashine ya eksirei ikizimwa mionzi imekwisha, hapohapo, haimfuati mtu nyumbani. Nawaambia ardhi tunayokalia ina mionzi yake, angani inatoka, hata ndani ya miili yetu imo. Wastani wa dunia ni kama milisiviti 2.4 kwa mwaka, bila kumkosea mtu. Picha moja ya kifua ni sawa na siku 3 hivi za kuishi tu duniani. Nikadhani nimewatuliza. Fundi seremala akauliza swali moja tu, la nguvu za kiume. Benchi zima likanigeukia. Nikanywa kahawa yangu ikiwa ya moto vilevile, nikaungua ulimi, wakasema mnaona, ameanza.

Nyumbani? Usiulize. Yule mzee Röntgen aligundua eksirei Novemba 1895, na Desemba hiyohiyo akampiga picha mkono mkewe, mifupa yote nje na pete kidoleni. Mke akakubali! Mama watoto wangu nikitoka kazini hataki hata nimguse mkono mpaka nioge, tena kwa ndoo ya nje. Röntgen mwaka 1901 akapewa Nobel ya kwanza kabisa ya fizikia. Mimi napewa kandambili mlangoni.

Turudi kazini, maana ndiko ninakodhalilishwa kwa ratiba.

Mlangoni kwetu kuna ile alama ya hatari ya mionzi, mapanga matatu na kiduara katikati. Nimeibandika mwenyewe, nimeinyoosha, nimerudi nyuma nikaitazama. Kesho yake joto la Dar limepamba moto, nakuta ndugu wa wagonjwa wamejazana chini yake, mikeka imetandikwa, mama mmoja ananyonyesha. Wameona feni. Wanasubiri iwashwe. Nikaanza kuwaeleza habari za atomi. Mzee mmoja akasema, "Mwanangu, wewe washa tu, nadharia tutasoma baadaye."

Halafu kuna aproni za risasi. Nzito hizo, ukivaa asubuhi mpaka mchana mabega yanalia. Zinatakiwa zitundikwe, zisikunjwe, kwa sababu ile risasi ndani inapasuka na huoni kwa macho. Unaona kitambaa kizima, kumbe mionzi inapita kwenye ufa. Kwa hiyo kazi yangu mojawapo ni kuzilaza kwenye mashine moja moja na kuzipiga picha, kutafuta nyufa. Watu wanapiga picha wagonjwa, mimi napiga picha nguo. Moja nilikuta imepasuka katikati, mstari umenyooka kama wa pasi. Nikachunguza. Imekuwa ikikunjwa kila usiku. Ndo mto wa zamu ya usiku. Na aliyekuwa anaulalia akanilaumu mimi kwamba ni mgumu, unaumiza shingo, niagize laini.

Na beji! Kila anayefanya kazi na mionzi anabandika kifuani kijibeji chenye vipande vya fuwele ndani. Fuwele zile zinatunza nishati ya mionzi kimyakimya. Siku ya kusomwa zinapashwa moto, zinatoa mwanga, na mwanga ukiwa mwingi ujue umekula mionzi mingi. Kiwango cha juu anachoruhusiwa mfanyakazi ni wastani wa milisiviti 20 kwa mwaka, ukihesabu miaka 5. Mwananchi wa kawaida ni 1, mbali na ile ya asili. Hesabu nzuri kabisa, tatizo ni sisi binadamu. Kuna aliyeifua na koti. Kuna anayeifungia drooni isije ikachakaa, anaitoa siku ya kukusanya, inang'aa, haijawahi kuona hata taa. Na kuna koti lilisahauliwa likining'inia ndani ya chumba cha eksirei, beji kifuani, mwenyewe yuko Bukoba msibani. Majibu yakarudi: beji imekula mionzi, mtu wake amekula ndizi.

Nani aende kuhoji? Mwanafunzi. Nikaenda na fomu kwa sista wa watu, makamo ya mama yangu mkubwa. Nikamwamkia. Nikamuuliza kwa heshima zote, mama, tarehe fulani beji yako ilikuwa wapi? Akavua miwani. Akanitazama kuanzia viatu. "Wewe mtoto, mimi unanipeleleza?" Nikasema shikamoo kwa mara ya pili, nikaondoka na fomu tupu.

Ila kuna kitu kinaniuma kweli, hapa sitanii. Zamani za filamu, ukizidisha mionzi picha ilikuwa inatoka nyeusi tii. Kosa linaonekana, mtu anapunguza. Siku hizi ni dijitali. Ukizidisha, picha inazidi kupendeza! Kompyuta inairekebisha, daktari anasifia, radiografa anafurahi, hakuna anayelalamika isipokuwa mimi. Kwa hiyo mikono inapanda kidogo kidogo, leo hapa, mwezi ujao pale, na mtoto wa miaka 3 anapigwa CT kwa vipimo vya baba yake. Mtoto ndo anatakiwa apunguziwe, seli zake bado zinagawanyika kwa kasi na ana miaka mingi ya kuishi mbele. Nikalisema kikaoni. Nikaonyesha na grafu. Wakaangalia grafu. Mwenyekiti akauliza kama hizo rangi nimechagua mwenyewe. Vipimo vya watoto vilikuja kubadilishwa, baada ya daktari mmoja mgeni kusema maneno yaleyale kwa Kiingereza.

Sasa nikwambie ya usiku. Mashine ya CT mchana ni ya wagonjwa, foleni mpaka nje. Mimi ninaipata saa nne usiku. Lazima ipimwe na iandikwe, kwa sababu wakaguzi wa TAEC, tume yetu ya nguvu za atomiki iliyoundwa kwa sheria ya 2003, hawaji kusikiliza hadithi, wanataka makaratasi. Basi nachukua fantomu. Jina kubwa, kitu chenyewe ni mkebe wa plastiki wa duara umejaa maji. Naulaza kitandani pale anapolala mgonjwa. Nausawazisha na ile mistari ya taa nyekundu, kushoto kidogo, juu kidogo. Kiputo cha hewa kimeonekana ndani, nautoa, naujaza tena, naulaza tena. Naenda chumba cha pili, napiga picha, nachora kiduara kwenye skrini katikati ya maji, nasoma namba.

Inatakiwa sifuri.

Ndiyo. Ile mashine ya mabilioni, kwa vipimo vya bwana Hounsfield, hewa ni −1000 na maji ni 0. Ikizidi nne au tano, juu au chini, hakuna kulala. Shuleni sifuri za fizikia zilinifuata zenyewe, mzee akanichapa nazo. Leo nazitafuta usiku kucha kwa shahada mbili na haziji. Usiku mmoja nikapata 7. Nikarekebisha. 6. Umeme ukakatika. Jenereta ikawaka, mashine ikaanza upya taratibu, nimekaa gizani na mkebe wangu. Mama wa usafi akaingia na deki.

"Daktari, pole na kazi. Mgonjwa yuko wapi?"

Nikamwonyesha kitandani. Akausogelea mkebe. Akautazama kwa muda. Yale maji yametulia, taa nyekundu zimeyapiga katikati.

"Ana nini?"

Namba zimepanda, mama.

"Mungu atamsaidia," akasema, akaendelea kudeki kwa kuzunguka miguu yangu.

Alfajiri nikapata 1. Nikapiga kelele. Nikaandika, nikasaini, hakuna aliyenipongeza, kwa sababu asubuhi mashine ilifanya kazi kama jana yake na mashine inayofanya kazi haina habari.

Nimefika tu getini, macho mekundu, naitwa mbio. Pilau! Pilau! Chumba cha CT kimekuwa tanuri, mashine inagoma kwa joto, wagonjwa foleni, mkurugenzi yuko pale, daktari bingwa yuko pale, sista wa beji yuko pale. Wote wananitazama. Wewe si ndo mtaalamu wa mashine? Kiyoyozi kimekufa! Nataka kuwaeleza kwamba mimi ni mionzi, viyoyozi vina fundi wake. Nikaona sura ya mkurugenzi, nikameza maneno. Nikachukua rimoti, nikaifungua nyuma. Nikatoa betri za saa ya ukutani, nikazitia humo, nikabonyeza.

Upepo ukaja. Mkurugenzi akanipa mkono. Sista akasema, "Huyu mtoto kasoma jamani." Daktari bingwa akalichukua daftari langu la mafunzo kutoka kwapani, akauliza pa kusaini ni wapi.