Nani Kahamisha A ya Kambo?

Katika nyumba yetu ya Dilala, mwenye kibodi ni Kambo, yaani babu wa watoto wetu, baba yangu mzazi. Alikuwa karani wa kampuni ya madini ya Gécamines, akipiga taipureta kwa vidole kumi huku akitazama dirishani, hadi 2003, mwaka ambao wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa kampuni hiyo walianza kuondoka kwa mpango wa kujiuzulu kwa hiari. Tangu hapo hati zote za ukoo hupita mikononi mwake: mwaliko wa arusi, ombi la kazi, barua ya kumkumbusha mpangaji kwamba mwezi umekwisha. Kompyuta ilipoingia nyumbani haikumsumbua hata kidogo. Herufi alizikuta palepale alipoziacha kwenye taipureta: A, Z, E, R, T, Y, mpangilio wa Kifaransa aliousomea ujanani.

Fitina ililetwa na binti yetu mkubwa. Anasoma Kichina jioni, na hapa Kolwezi hilo si la kumshangaza mtu. Tangu mkataba wa Kongo na China wa 2008 uliozaa kampuni ya madini ya Sicomines, na hasa tangu kampuni ya Kichina ya Zijin iingie migodi ya Musonoi na Kamoa, ombi la kazi la mtoto wa mkoa wetu wa Lualaba laweza kuangukia meza ya mtu aliyezaliwa Fujian. Basi binti akaamua kuandika CV yake kwa Kichina, hapahapa sebuleni, asiende kulipa duka la fotokopi.

Usiku, watu wamelala, akafungua mipangilio ya kompyuta na kuongeza lugha. Mega za simu yangu zikaliwa, umeme ukakatika, ukarudi, akaanza upya. Alfajiri kazi ilikuwa imekwisha. Kichina cha kompyuta hakihitaji kitufe kwa kila alama, maana alama ni maelfu. Unaandika sauti kwa herufi za kawaida, kwa utaratibu wa pinyin uliopitishwa China mwaka 1958, kisha kompyuta inakupangia alama zenye sauti hiyo, nawe unachagua unayoitaka.

Asubuhi Kambo akaketi aandike barua ya mpangaji. Neno la siri la kompyuta yetu ni jina la komini yetu, Dilala. Jirani yeyote angeweza kulikisia. Akaandika. Kompyuta ikakataa. Akaandika polepole, kama anayemsomea mtoto imla. Ikakataa tena. Akavua miwani, akaifuta, akaniita.

"Mwanangu, kuna mtu amebadilisha."

Hakuna aliyelibadilisha. Nikabonyeza kile kijicho kinachofunua neno la siri, na pale penye Dilala tukasoma: Dilqlq.

"Nani amehamisha A yangu?" Kambo aliuliza kwa sauti iliyowatoa watoto wote vyumbani.

Binti akaja na mswaki mdomoni. Kumbe kibodi ya Kichina kwenye Windows hufuata mpangilio wa Kiingereza, hata kama vitufe ulivyo navyo vimechapwa Kifaransa. Ukigusa A inatoka Q, ukigusa Z inatoka W, na kinyume chake. M ndiyo imekimbia kabisa: mahali pake pamekaa nukta-mkato, yenyewe imehamia kwenye kitufe cha koma. Tarakimu nazo, ambazo Kambo huzipata kwa kushikilia Shift, sasa zikishikiliwa Shift zinatoa alama za mshangao na za dola. Mdogo wa mwisho akajaribu kuandika mama. Ikatoka ;q;q. Akacheka mpaka akapaliwa.

"Kambo, bonyeza Windows na nafasi, Kifaransa kinarudi," binti alisema.

"Mimi nibonyeze ili niingie nyumbani kwangu?"

Akabonyeza, lakini siku hiyo hakusema naye tena.

Binti mwenyewe hakuwa na raha. Alitaka kuanza na mji wetu, ambao Wachina huuandika kwa alama nne: ke, lu, wei, qi. Vidole vyake, vilivyofunzwa na Kambo, vikaandika keluzeiai, na kompyuta ikamletea msururu wa alama ambazo hata mwalimu wake asingezipatia maana. Akakata vipande vya karatasi, akabandika herufi mpya juu ya A, Q, Z, W na M. Kufika saa sita Kambo alikuwa amevibandua vyote na kuvipanga mezani kama ushahidi wa mahakamani.

Mama watoto aliingia kesi hii kutoka sokoni, akiwa bado na ndoo ya nyanya kichwani. Yeye hajakanyaga darasa la Kichina. Anauza mboga kwa wapishi wa Kichina wa kambi za migodi, na hesabu yao anaijua kwa sikio. Alimkuta binti amekwama. Neno la kumi, kama alivyolisikia kwa mpishi mmoja, halikuleta alama aliyoitarajia.

"Andika shi," Mama alisema.

"Yeye anasema si, Mama."

"Anasema si kwa nne na si kwa kumi. Akitaka mafungu kumi, anakunja ngumi au anapishanisha vidole. Akitaka manne, ananyosha vinne. Siku ya kwanza nilimpimia manne, akanikasirikia. Wanaotoka kusini ndivyo wanavyosema."

Kweli, Wachina wengi wa kusini hawatenganishi s na sh, wala z na zh, na waliotengeneza programu walilijua hilo: ndani ya mipangilio ya pinyin kuna mahali pa kuiambia kompyuta izihesabu sauti hizo kuwa moja. Binti akapawasha, na alama zikaanza kuja.

Suluhu ya vitufe nayo aliinunua Mama, kwa pesa za nyanya: kibodi ya pili, ya mpangilio wa Kiingereza, ya kuchomeka kwa USB. Zote mbili zikakaa mezani. Sheria ikatangazwa wakati wa kula bukari: anayemaliza kuandika airudishe kompyuta kwenye Kifaransa, atakayesahau atafagia ua, awe mkubwa au mdogo.

CV ilipochapwa, binti alimpelekea Kambo kwa mikono miwili. Hiyo ilikuwa karatasi ya kwanza kutoka nyumbani humu bila kuchapwa naye. Kambo akaisogeza mwangani, akaigeuza, akaweka rula ubavuni.

"Mujikulu wangu, ulichoandika sikijui," alisema. "Ila pambizo ya kushoto imepinda. Karudie."

Akarudia.